Habari Nayo ni Msaada

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi alfajiri kwa saa za kwetu Tanzania, sakafu ya bahari ilitikisika karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yaliyozaliwa na tetemeko lile yalichukua kiasi cha saa saba kufika pwani ya Somalia. Saa saba, ndugu msomaji! Ni muda wa basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Hata hivyo watu wapatao 300 walikufa Somalia, na Hafun ndiko kulikoumia kuliko kwingine kote. Kituo cha Hawaii kinachofuatilia mawimbi ya Pasifiki kililiona tetemeko lile mapema, ila hakikuwa na utaratibu wowote wa kujua nani apigiwe simu katika nchi za Bahari ya Hindi.

Sasa kitazame kisiwa cha Simeulue, jirani kabisa wa tetemeko lenyewe. Huko wimbi lilifika kwa dakika kama kumi. Kisiwa kilikuwa na watu kiasi cha 78,000, na waliokufa ni saba. Hawakuwa na mtambo wowote. Walikuwa na masimulizi ya wazee wao juu ya wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika kwa nguvu na maji yakajivuta, usiulize, kimbilia mlimani. Wenye dakika kumi waliokoka, na wenye saa saba wakafa. Na Kenya, ambako maofisa walizisikia habari za Asia wakawaondoa watu ufukweni Mombasa, alikufa mtu mmoja. Kwetu Tanzania walikufa kumi au zaidi.

Kwa hiyo siafikiani hata kidogo na mazoea ya kupima msaada kwa magunia, mahema na mablanketi peke yake, huku mawasiliano yakiwekwa mkiani mwa bajeti kana kwamba ni pambo. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilitoa ripoti yake ya maafa likisisitiza jambo hili hili: aliyekumbwa na janga huhitaji habari kama anavyohitaji maji na dawa.

Tukumbuke pia yaliyotokea Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Kimbunga Idai kilipopiga, umeme ulikatika, simu zikafa, na mji wenye watu nusu milioni ukanyamaza. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika mpaka nchi kavu ikageuka ziwa, na watu wakawa juu ya miti na mapaa, lakini ukubwa wa balaa haukujulikana mara moja. Ulionekana ndege ziliporuka juu ya maji yale na picha za setilaiti zilipofika. Waliokufa Msumbiji walipita 600. Ndiyo maana mafundi wanaokwenda na vifaa vya setilaiti hawana budi kupanda ndege ya kwanza pamoja na madaktari. Daktari asiyejua wagonjwa wako kijiji gani atamtibu nani?

Lakini mwalimu mkubwa katika somo hili yuko jirani kabisa, nao ni mkoa wetu wa Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja, na pale Benaco, Ngara, kukazuka mji wa maturubai. Mfikirie mama aliyefika pale. Amepewa turubai, amepewa mgao wa unga, amepata kuni. Watoto wake wawili walimponyoka njiani na hajui kama wako hai. Mama huyo turubai halimpi usingizi. Mwaka ule ule BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi, yakisoma majina ya waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Mwaka 1995 ikaanza Radio Kwizera pale pale Ngara, kwa juhudi za Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi. Watoto wadogo wasioweza hata kutaja majina ya wazazi wao walipigwa picha, na picha hizo zikaonyeshwa kwa watu ili ndugu wawatambue. Kwangu mimi kazi ile ni sawa na dawa iliyotolewa hospitalini.

Wala tusisahau kwamba ni redio, RTLM, iliyowachochea watu wa Rwanda hiyo hiyo kuwachinja majirani zao. Penye pengo la habari za kweli, uongo hauchelewi kulijaza. Anayedhani mawasiliano ni jambo la pembeni katika maafa na aitazame Rwanda ya mwaka 1994.

Habari tena si ya kumiminwa kutoka juu tu. Aliyeathirika anayo ya kusema, na anapaswa kusikilizwa kwa lugha yake. Tetemeko lilipoibomoa Haiti mnamo Januari 2010, programu ya Ushahidi, iliyobuniwa Kenya wakati wa machafuko ya mwaka 2008, ilitumika kuonyesha katika ramani mahali watu walipohitaji msaada. Wahaiti wengi walituma ujumbe kwa namba 4636 kwa Kikrioli, na wenzao walio ughaibuni wakatafsiri. Msumbiji nayo, baada ya Idai, ilifunguliwa Linha Verde, namba 1458, isiyotozwa senti: mtu anapiga kuuliza mgao, au kulalamika kwamba jina lake limeachwa. Penye simu ya namna hiyo mgawaji hujua kwamba anatazamwa.

Anayekusanya majina ya wanyonge pia ajue amebeba amana. Januari 2022 ilibainika kwamba wadukuzi wameingia katika kumbukumbu za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na kuzifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotenganishwa na jamaa zao. Mkimbizi anapoweka kidole kwenye mashine ana haki ya kuambiwa alama hiyo inakwenda wapi.

Narudi kwetu. Nakiri kwa furaha kwamba tumepiga hatua. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Hata hivyo usikilize ujumbe wenyewe ulivyozoeleka: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili. Nahodha aliye dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, simu yake haina chaji na mtandao unapatikana akipanda kichuguu, atafanya nini na kilomita hizo? Anataka kuambiwa: usitoke leo, ivute ngalawa juu, hamisha watoto kabla ya magharibi. Tena anataka kuambiwa na mtu anayemjua, awe mwenyekiti wa kijiji, imamu au kiongozi wa kikundi cha wavuvi. Tahadhari kabla ya hatari, tunasema kila siku, lakini tahadhari iliyoishia kwenye meza ya mtendaji wa kata haijawa tahadhari.

Kwa hiyo nawasihi madiwani na wakurugenzi wa halmashauri za pwani na za maziwa: bajeti ijayo itengeni fungu la kazi hii. Redio ya jamii ipewe jenereta na mafuta ya akiba. Kila dago liwe na kipaza sauti, umeme wa jua wa kuchajia simu, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mpokeaji wa taarifa. Nawe msomaji unayeishi karibu na maji au chini ya mlima, nenda wiki hii kwa mwenyekiti wako, umuulize: tahadhari ikitoka usiku wa manane, ni nani atakayenigongea mlango?