Kompyuta Kubwa Ni Kisingizio Tu

Jamani, kuna wimbo mmoja nimechoka kuusikia: eti fizikia ya kwanta ikokotolewe na wenye kompyuta za mabilioni, sisi huku Lamu tukariri fomula za mtihani. Nikiwa chuo mhadhiri mmoja alitwambia hivyo, na juzi kijana wa mtaani kwetu kaambiwa yayo hayo, sasa anataka kuacha fizikia. Uongo mtupu, na nitaonyesha kwa hesabu.

Swali lenyewe ni hili: chembe iko A, ina nafasi gani ya kuonekana B baada ya muda fulani? Richard Feynman alilijibu mwaka 1948 kwa namna ambayo nahodha yeyote ataielewa. Jahazi likitoka Lamu kwenda Faza litapita Mkanda maji yakijaa, au litazunguka nje ya Manda. Litapita njia moja. Chembe huhesabiwa njia zote, hata za kipuuzi. Kila njia ina mshale wake, unaijumlisha mishale yote, na mshale wa jumla ndio amplitudi. Urefu wake ukiuzidisha kwa wenyewe unapata uwezekano.

Tabu ni kwamba mishale inaelekea kila upande na mingi inafutana. Ukichagua njia kwa bahati nasibu, yaani mbinu ya Monte Carlo, jibu linamezwa na kelele za bahati nasibu yenyewe. Huitwa tatizo la alama, na mwaka 2005 Troyer na Wiese walionyesha kuwa, kwa sura yake ya jumla, ni miongoni mwa matatizo magumu ambayo sisi watu wa kompyuta hatutarajii kuyapatia njia ya mkato.

Haya, tuache bahati nasibu, tugawe kila upande vipande 100 na kuhifadhi wimbi zima, baiti 16 kwa kila namba. Chembe moja katika pande tatu ni namba 1,000,000, megabaiti 16, inaingia hata kwenye simu. Chembe mbili: terabaiti 16. Chembe tatu: terabaiti 16,000,000, na hakuna mashine duniani yenye kumbukumbu hiyo. Umeona? Tajiri na mabilioni yake kakuzidi kwa chembe moja!

(Sisemi kompyuta kubwa hazina kazi. Watu wa kwaki wanazihitaji kweli kweli.)

Tena kuna ujanja. Geuza muda uwe wa namba za kufikirika, na kwa chembe moja kwenye springi mishale yote inakuwa namba chanya. Hapo Monte Carlo inakwenda vizuri. Creutz na Freedman waliandika juu yake mwaka 1981, kwa kompyuta za wakati huo! Unapoteza mwendo wa muda halisi, lakini nishati ya chini kabisa unaipata, na jibu sahihi linajulikana, 0.5, kwa hiyo programu yako ikikosea utajua.

Na msiniambie Kenya haijafika huko. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya kukokotoa elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret. Programu inayotumika sana katika kazi hiyo, Quantum ESPRESSO, ni huria, hulipi hata shilingi.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwanta muhula mzima bila zoezi hata moja la kompyuta asiilaumu serikali kwa kukosa mashine. Mashine anayo, anaonyeshea slaidi.