Tarishi Aliye Fundi

Kwa miaka mingi wataalamu wa elimu ya viumbe walishikilia jambo moja: kwamba kazi zote za kuchochea mabadiliko ya kikemia ndani ya seli hufanywa na protini ziitwazo vimeng'enya, na kwamba RNA ni tarishi tu, achukuaye waraka wa jeni kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mwaka 1982 imani hiyo ilivunjika. Profesa Thomas Cech na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, walikuwa wakimchunguza tetrahimena, kiumbe wa seli moja aishiye katika maji ya madimbwi. Walitafuta protini inayokata kipande kisichohitajika cha RNA yake, chenye herufi 413. Hawakuiona. Hatimaye waliitengeneza RNA hiyo mbali na kiumbe huyo, pasipo protini yake hata chembe, na bado ikajikata na kujiunga yenyewe. Mwaka 1983 ikathibitika, katika maabara ya Sidney Altman, kwamba hata katika bakteria iko RNA inayokata RNA nyingine. Mwaka 1989 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Siri iko katika mkunjo. RNA ni uzi mmoja wenye herufi za namna nne. A hushikana na U, na G hushikana na C. Herufi zilizo mbali zikipatana, uzi hujipinda na kujifunga. Aliyewaona akina mama zetu wakisuka ukili atafahamu: ukili haumfai mlalaji mpaka ushonwe uwe mkeka. Tofauti ni kwamba RNA hujishona yenyewe. Lakini uti wake umejaa chaji hasi zinazosukumana, kwa hiyo huhitaji magnesi, madini ambayo bahari yetu imejaa, ili mikunjo isogeleane na kufanya kijishimo ambamo viungo vya kemia hukatwa na kuungwa. Mkunjo ukikosewa, herufi ni zile zile, kazi hakuna. RNA ya tetrahimena huweza kunaswa katika umbo potofu kwa saa kadhaa. Maofisini nako tumeyaona hayo: watumishi ni wale wale, mpangilio umekosewa, jalada halisogei.

Wako watakaouliza, mambo haya yanamhusu nini mvuvi wa Pemba? Yanamhusu sana. Mwaka 2000 ilidhihirika kwamba hata katika ribosomu, kiwanda cha protini cha kila kiumbe, mahali penyewe pa kuunganishia protini ni RNA. Dawa kama erithromaisini hung'ang'ania RNA hiyo ya bakteria na kukizuia kiwanda. Bakteria akibadili herufi moja tu mahali pale, dawa hukosa pa kushika. Na kila mtu anaponunua vidonge viwili vitatu dukani bila ya cheti cha daktari, akaviacha apatapo nafuu, huwaua bakteria wanyonge na kuwaachia uwanja wale waliokwisha kubadilika.

Kwa hiyo tunawataka wahusika wa afya wawakague wauza dawa hadi vijijini, si mjini peke yake. Na wahusika wa elimu wahakikishe kwamba mwanafunzi haambiwi tena kuwa kila kimeng'enya ni protini, na kwamba anaelezwa hayo kwa Kiswahili, lugha atakayoitumia jioni kumweleza mama yake kwa nini vidonge vimalizwe.