Penseli, Jiko na Nuru Isiyoonekana

Mwaka wa 2020, janga la Korona lilipobisha hodi, tulizoea hapa Kakamega kusimama langoni na kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso. Tulitii, tukapita. Ni wangapi tuliouliza kifaa hicho kilipimaje joto bila kutugusa? Mwanafunzi wangu mmoja alinitajia upesi jina la Kiingereza la miale inayohusika. Nilipomtaka aeleze maana yake kwa lugha yoyote aipendayo, alinyamaza.

Maana yenyewe si ngumu. Asimamaye kando ya jiko la muuza mahindi choma, hata akifumba macho, huhisi joto usoni. Humfikia kwa miale ya infraredi, ambayo macho hayaioni. William Herschel aliigundua mwaka wa 1800, alipoweka kipimajoto kando ya wekundu wa nuru ya jua iliyotawanywa rangi, akaona joto likizidi. "Infra" ni Kilatini, yaani "chini".

Leo wanasayansi wanabuni vifyonzi vya miale hiyo kwa grapheni, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliutenga mjini Manchester mwaka wa 2004 kwa kuambua grafiti, ile ile ya penseli, kwa selotepu. Wakatunukiwa Nobel mwaka wa 2010. Utando huo pekee hufyonza takriban asilimia 2.3 tu ya nuru. Ndipo huwekewa vipande vya dhahabu visivyoonekana kwa macho: elektroni zake huyumba pamoja na miale na kuikusanya penye utando, nao ukafyonza zaidi. Ukubwa na umbo la vipande huamua ni miale ipi inaswayo. Tumaini ni kupata kamera za gizani na vitambuzi vya gesi vilivyo vyepesi.

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakiyawezi haya. Mbona "grafiti" yenyewe imetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuandika? Kila lugha huazima. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Kilichopungua ni mazoea.

Sidai mitihani ibadilishwe kesho. Namsihi mwalimu aanze na jiko na penseli, kisha alete jina. Jina likitangulia maana, tunalea kasuku.