Niache Lini?



Misafara iliyopita Tabora katika karne ya 19, kati ya Bagamoyo na Ujiji, ilikuwa na busara yake. Ilianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alifahamu penye maji, na mizigo ilituliwa hapo hata kama mpagazi alijiona bado ana nguvu. Kituo hakikuchaguliwa na uchovu wa njiani.

Busara hiyo tunaihitaji mbele ya mashine za kamari, ambazo wengi huziita bonanza. Mama mmoja alifika ofisi ya parokia, wala si katika kitubio, nami naeleza kwa idhini yake. Mumewe alilipwa fedha za tumbaku ya msimu mzima, akapita kucheza "kidogo tu". Alianza kwa kushinda, akaendelea. Akapoteza, akaendelea ili arudishe. Alifika nyumbani usiku bila ada ya watoto.

Tazameni: aliposhinda hakuona sababu ya kuacha, na aliposhindwa aliona sababu ya kuendelea. Ndiyo maana swali "niache lini?" halijibiki ukiwa umekwisha kukaa mbele ya mashine.

Mashine haikumbuki hasara ya mtu wala haidaiwi naye. Imepangwa irudishe pungufu ya inachopokea. Tuchukue mfano wa mashine inayorudisha, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Mwenye shilingi 10,000 akizicheza zote hubaki na 9,000. Akizicheza tena, 8,100. Na baada ya mzunguko wa saba hana hata 4,800. Yupo atakayeshinda leo, lakini akaaye muda mrefu ndiye alipaye.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inafundisha kwamba mchezo huo haukubaliki unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, tena inaonya kwamba tamaa yake yaweza kumfanya mtu mtumwa.

Basi, kikomo kiwekwe nyumbani, mume na mke wakijua, kabla ya kutoka. Fedha ya chakula, ada na matibabu isiguswe kamwe. Anayekopa ili acheze, anayeficha, au anayerudi kukifuata alichopoteza, huyo amekwisha kupita kituo. Aache kabisa, amweleze mtu anayemwamini, na kwa muda fedha zake zishikwe na mwenzi wake.

Hata hivyo, tusimtwishe mchezaji lawama zote. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inawakataza walio chini ya miaka 18. Tukimwona mtoto mwenye sare ya shule akitumbukiza sarafu, nasi tukanyamaza, tumeshiriki kosa. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wazungumze na mwenye duka; asiposikia, taarifa ifike serikali ya mtaa. Na katika msimu wa malipo ya tumbaku, Jumuiya impokee anayetaka kuacha, bila kumcheka.

Mpagazi hakuona haya kutua mzigo mapema. Kesho yake alikuwa na nguvu ya kuendelea na safari. Nasi tuwasaidie ndugu zetu kutua wangali na kitu cha kupeleka nyumbani.