Rangi ya gari: ing'ae, ififie, au iwe kama atlasi?

Yako mambo ambayo mtu akiyatazama juu juu huyaona madogo, kumbe ndani yake mna maswali makubwa ya zama. Moja katika hayo ni rangi ya gari. Zamani mwenye gari alipokwenda kwa fundi aliulizwa swali moja tu: wataka rangi gani? Akajibu nyeupe, nyekundu au buluu, na maneno yakaisha. Siku hizi liko swali la pili: wataka ing'ae, ama ising'ae? Hapo ndipo ubishi huanza, kwani swali hilo si la rangi tena. Ni swali la sura ambayo mtu ataka kuonekana nayo mbele za watu.

Mtindo wa rangi isiyong'aa ulipata nguvu katika magari ya fahari ya Ulaya. Kampuni kama BMW na Mercedes-Benz ziliyauza magari ya namna hiyo kwa bei ya ziada, na vijana wa kila bara wakatamani. Mwenye uwezo hupuliza rangi, na asiyetaka kugusa rangi ya kiwandani hulibandika gari zima karatasi ya plastiki. Mtindo haujui mipaka, na swali linaloulizwa Nairobi na Mombasa laweza kuulizwa Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu asiseme kuwa ya Migori hayamhusu. Magari yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo yanayobeba watu na mizigo kule ziwani, huteremshwa Kilindini. Gari lililoonja chumvi ya bahari yetu ndilo litakalokula vumbi la Rongo. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote, la pwani na la bara.

ATLASI SI NENO GENI

Tuanze na maneno, maana asiyejua maana haambiwi maana. Rangi za gari, kwa upande wa mng'ao, ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea, ing'aayo hata mtu akajiona uso wake mlangoni. Ya pili ni ile isiyong'aa kabisa, ambayo hufanana na ukuta uliopakwa chokaa au ubao wa skuli, nayo huitwa mati. Ya tatu iko kati na kati, haimetameti wala haikufa, nayo huitwa satini.

Hiyo satini si ngeni kwetu. Ndiyo atlasi ya mabibi harusi, kitambaa ambacho mama zetu walikitambua kwa kukipitisha mkononi tu. Atlasi ina nuru yake laini, haikuchomi macho, na ukiigeuza upande wa pili waona imefifia. Wanazuoni wengi wa lugha wasema kuwa jina satini lilitokana na Zaitun, ndivyo Waarabu walivyoiita bandari ya Quanzhou huko Uchina. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mnamo mwaka 1331, baadaye aliitaja bandari hiyo na nguo zake. Basi vijana wasidhani kuwa wameletewa jambo jipya. Jina lilikwisha kusafiri na pepo za misimu kabla ya gari kubuniwa.

KAZI YA FUNDI

Rangi ya gari huwa na matabaka. Kwanza ni rangi ya chini inayoshika bati, kisha rangi yenyewe, na juu yake vanishi. Mng'ao hutoka katika hiyo vanishi. Ikiwa uso wake ni laini kama kioo, mwanga ukiupiga hurudi wote upande mmoja, nalo jicho huona kumeta. Katika rangi ya mati, vanishi huchanganywa na unga mwembamba sana, aghalabu wa silika, ambayo ni jamii moja na mchanga. Unga huo hufanya vijipele visivyoonekana kwa macho, na mwanga ukifika hapo hutawanyika huku na huku. Satini ni mchanganyiko uo huo, ila unga ni mchache. Viwandani mng'ao hupimwa kwa chombo kinachotupa mwanga kwa pembe ya digrii 60 na kuhesabu uliorudi.

Sasa tazama tofauti yake kazini. Gari ling'aalo likikwaruzwa kidogo, fundi hulipitisha msasa mwembamba wenye maji, akalipiga polishi, na mkwaruzo ukapotea. Lakini ukiipiga polishi rangi ya mati, wavisawazisha vile vijipele, na pale uliposugua pang'aa peke yake kama upara katikati ya nywele. Dawa yake ni kuupuliza upya mlango mzima, hata kama mkwaruzo ni wa urefu wa kidole. Satini nayo ina ugonjwa huo huo, ingawa makosa madogo huyaficha vizuri zaidi.

Tena kuna jambo la vumbi. Punje ya vumbi ikiangukia vanishi mbichi ya gari ling'aalo, fundi huingoja ikauke, akaikata kwa msasa, akapiga polishi. Ikiangukia mati, imekaa. Na kiasi cha unga, nguvu za upepo wa kompresa na unene wa vanishi, vyote hubadili sura ya kazi. Ndiyo maana rangi hizi zataka chumba kilichofungwa na hewa iliyochujwa. Kuzipuliza chini ya mwembe, kando ya barabara ya udongo, ni sawa na kufuma atlasi katika kinu cha kukoboa mahindi.

BARABARA ZA MIGORI NA HOMA BAY

Tuyapime haya kwa mizani ya mahali. Barabara kuu ya A1 yatoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, yapita Migori, Awendo na Rongo, ikaenda Kisii na Kisumu. Pale Rongo mtu huchepuka kwenda Homa Bay, na akitaka huendelea mpaka Mbita. Hizo ni njia za lami. Lakini maisha ya watu hayako juu ya lami peke yake. Yako mashambani, machimboni kwenye dhahabu upande wa Macalder, na kwenye fuo ambako omena huanikwa. Ukiacha lami kiangazi wakutana na vumbi, ukiiacha masika wakutana na tope. Huko Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha SonySugar, matrekta ya miwa ni wenzi wa barabara, na muwa mmoja uliochomoza waweza kuandika jina lake ubavuni mwa gari linalopishana nao.

Gari linalotawala njia hizo ni Toyota Probox. Japani ilianza kulitengeneza mwaka 2002 liwe gari la kazi, la kubebea sampuli za wauzaji na vifaa vya mafundi, na mengi yake yalitoka kiwandani meupe. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo linafika likiwa limetumika lakini lina nguvu. Kule ziwani limekuwa teksi, limekuwa matatu, limekuwa gari la samaki na la maiti. Viti vyake ni vya watu watano, lakini wasafiri wa Migori na Homa Bay wajua kuwa hesabu hiyo mara nyingi husomwa na dereva kwa miwani yake mwenyewe.

Basi mwenye Probox akiuliza, jibu si gumu. Gari lake huoshwa kila siku kwa kitambaa na sabuni ya unga, pengine kitambaa chenyewe kina mchanga. Abiria hulisugua kwa mizigo, kuku na mabati. Likilala kwa fundi siku tatu, nyumbani hakuna kilicholiwa siku tatu. Huyo hawezi kuchukua rangi ambayo kila jeraha lake dogo lataka mlango mzima. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na rangi yake ikiwa nyeupe, ana faida mbili nyingine. Nyeupe haili jua sana kama nyeusi, na jua la Homa Bay, mji ulio karibu na mstari wa ikweta, si la mchezo. Tena uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, uliotolewa mwaka 2007, uliona kuwa magari meupe hupatwa na ajali kidogo kuliko meusi wakati wa mchana. Haya ni mambo ya rangi yenyewe wala si ya mng'ao, lakini ni vizuri yajulikane, kwa sababu wengi wanaotaka mati huitaka nyeusi.

SERIKALI NA RANGI

Yuko atakayesema: gari ni langu, kwa nini nishauriwe? Waama, katika Kenya gari halijapata kuwa la mwenyewe peke yake. Sheria ya trafiki, sura ya 403, yamtaka mwenye gari anayebadili rangi amjulishe msajili ili daftari la gari lisahihishwe, na kazi hiyo sasa iko mikononi mwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Sababu yajulikana: gari lililoibwa hutafutwa kwa rangi. Daftari huandika rangi, na mwenye kubandika plastiki nyeusi juu ya gari jeupe asidhani kuwa plastiki si rangi mbele ya askari.

Kwa magari ya abiria mkono wa serikali ulikuwa mzito zaidi. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kushika tarehe 1 Februari 1, 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano ubavuni. Michoro na maandishi yaliyokuwa yamefunika matatu yakafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, maana ni kazi na ni sanaa. Mwaka 2018 waziri Fred Matiang'i akazikaza tena kanuni za Michuki. Mchoraji mmoja, katika umri wake mmoja, amekuwa mhalifu, akawa msanii, kisha akawa mhalifu tena. Hilo ndilo jambo la kulia. Mtu hawezi kujenga ufundi juu ya amri inayogeuka kama upepo wa matlai.

ZIWA NA BAHARI

Watu wa ziwani si wageni wa rangi. Mitumbwi ya Mbita na Karungu hupakwa rangi kali, mistari kwa mistari, na jina ubavuni, ili mwenyewe akijue chombo chake kwa mbali na fahari yake ionekane. Tanga la pembetatu linalopeleka baadhi ya mitumbwi hiyo ni ndugu wa tanga la jahazi letu. Na Kendu Bay, katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, uko msikiti wa zamani uliojengwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka Bara Hindi. Kwa hivyo mpwani akienda kule haendi ughaibuni.

Jahazi kwa upande wake lilikuwa na desturi nyingine. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, na chini ya maji zikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hakuna aliyelipaka jahazi sifa ili ling'ae. Lilipakwa ili mbao zisipasuke na funza wa baharini wasitoboe. Nakshi zilikuwako, tena nzuri, lakini ziliwekwa kwenye tezi, mahali pasiposuguliwa na gati. Wazee walijua pa kupambia na pa kulinda.

FAHARI NA KIBURI

Jambo la mwisho ni la nafsi. Wako wanaosema kupamba gari ni israfu tupu. Hao wameharakisha. Yajulikana hadithi ya mtu aliyependa nguo nzuri na viatu vizuri, akaogopa kuwa hicho ndicho kiburi, naye akafahamishwa kuwa uzuri wapendwa na Mola, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mizani ndiyo hiyo. Kijana wa Migori anayeweka akiba ili gari lake liwe na nuru ya atlasi hana kosa. Lakini gari jeusi la mati, vioo vyeusi, linalowasukuma wenye bodaboda kwenye mtaro, hilo halikupambwa. Limevishwa vitisho. Mwaka 2025 Homa Bay iliandaa sherehe za Madaraka Juni 1, na mwezi wa Agosti mkutano wa ugatuzi. Siku kama hizo misafara ya wakubwa huja na kuondoka, na vijana wa kando ya barabara hutazama na kujifunza ukubwa una sura gani. Ni bora wakubwa walijue hilo.

Basi kwa maoni yangu, gari la kazi na ling'ae, kwa sababu mng'ao watengenezeka kwa msasa na polishi ya fundi wa mtaani. Mati na iachiwe mwenye gari la pili, mwenye banda la kulilaza na fedha za kulirudia. Na ambaye moyo wake haukubali mng'ao, achukue satini, aandikishe rangi yake, na alioshe mwenyewe kwa kitambaa safi na maji mengi.

Lakini iko kazi ya kaunti pia. Tangu katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Chumba kimoja cha kupulizia rangi, chenye hewa iliyochujwa na barakoa za kulinda mapafu, katika chuo kimoja cha Migori na kimoja cha Homa Bay, kingewafaa vijana wengi. Leo mwenye kutaka kazi safi ya satini hushawishika kulipeleka gari lake Kisumu au Nairobi, na fedha zake zikaenda nalo. Fundi wa Rongo ana mkono na ana jicho. Alichokosa ni mahali pasipo na vumbi.