Mama wa kibanda atatiije sheria asiyoielewa?

Majuma machache yaliyopita nilifika kwenye kibanda ambapo mimi na wanafunzi wangu hula chakula cha mchana, nikakuta jiko limezimwa na mabenchi mawili yaliyokuwa nje hayapo. Mwenye kibanda, mama wa makamo, alinieleza kwamba askari walikuja asubuhi, wakayapakia mabenchi garini na kumwachia karatasi.

"Mwalimu, hebu nisomee hii," akaniambia.

Karatasi yenyewe ilikuwa kwa Kiingereza. Nami, licha ya kuwa nimeila chumvi nyingi katika taaluma ya isimu, niliisoma mara mbili kabla ya kuielewa. Ilidai kwamba mama huyo alikuwa ameziba njia ya umma bila idhini, kinyume cha sheria ndogo fulani.

"Basi kosa langu ni lipi? Leseni si ile pale?" akauliza, akinionyesha ukutani. Kweli leseni ilikuwapo, tena ya mwaka huu. Lakini leseni hiyo ilimruhusu kuuza chakula ndani ya kibanda. Kuweka benchi nje lilikuwa jambo jingine, lenye kibali chake na ofisi yake. Hakuna aliyemweleza hivyo siku alipolipa ada.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninapinga kuwapo kwa kanuni. Mkurupuko wa kipindupindu ulioanza mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022 ulitukumbusha kwamba maji machafu na mikono isiyonawiwa huua. Vilevile, njia ya kando ya barabara ni haki ya mama aliyembeba mtoto, ya mzee mwenye mkongojo na ya mlemavu anayesukumwa kwa kiti cha magurudumu. Anayeijaza meza huwasukuma hawa barabarani, kwenye magari. Serikali isiyodhibiti mambo haya haiwatendei raia haki.

Tatizo ni wingi wa milango ambayo mtu mmoja hutakiwa kuibisha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti jukumu la kutoa leseni za biashara na kudhibiti wanaouzia umma chakula. Kuna leseni ya biashara. Kuna idhini ya usafi wa mahali pa chakula. Wapishi na wahudumu hutakiwa kuwa na vyeti vya afya, ambavyo hutolewa upya kila baada ya miezi 6. Kuna zimamoto, na kuna ada ya bango. Mwenye kupiga muziki ana wenye hakimiliki wa kuwalipa, na kuna kanuni za kelele za mwaka wa 2009 za kuzingatia.

Anayetoka nje ya mlango wake hukutana na swali gumu zaidi: ardhi hii ni ya nani? Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iliunda mamlaka tatu tofauti: ya barabara kuu, ya barabara za mijini na ya barabara za mashambani. Kaunti nayo ina barabara zake. Hivyo basi, mama anaweza kulipa ada zote za kaunti na bado benchi lake likawa limesimama katika ardhi ya mtu mwingine.

Ni kweli kwamba juhudi zimefanywa. Kaunti ya Nairobi, kwa mfano, ilianzisha kibali kimoja cha pamoja, kilichoanza kutumika mwaka wa 2023, ili kuunganisha malipo kadhaa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini kuunganisha malipo si sawa na kueleza sheria. Mtu anaweza kulipa mara moja na asijue hata kidogo amelipia nini, na ni nini ambacho hakukilipia.

Hapo ndipo taaluma yangu inaponilazimu kusema. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inazitaka taasisi za umma zitoe habari kwa kuzingatia lugha ya mahali na njia inayowafikia watu wa hapo. Hata hivyo, fomu, ilani na sheria ndogo ambazo mama wa kibanda huletewa ni za Kiingereza, aghalabu Kiingereza cha mawakili. Askari humkamata kwa Kiswahili kwa sheria ambayo hakuelezwa kwa Kiswahili.

Hebu tulitazame neno baraza. Katika miji ya pwani, baraza ni kikao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, nje, ambapo watu huketi, wakanywa kahawa na kuzungumza. Kutokana na kikao hicho neno likapanuka likawa mkutano wa watu, kisha chombo cha utawala. Ndivyo tulivyopata Baraza la Jiji la Nairobi, lililovunjwa serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, ingawa vijana hadi leo huwaita askari wake "kanjo". Chombo kilichopewa jina la kiti cha nje ndicho kilichojulikana kwa kuwafukuza watu walioketi nje!

Lipo pia neno kibali. Asili yake ni moja na ya kitenzi kukubali. Kibali, basi, si stakabadhi ya malipo tu. Ni makubaliano: mji umemkubalia mwananchi jambo fulani, naye amekubali masharti yake. Na mtu hawezi kukubali asichokielewa.

Wapo watakaosema kwamba kutafsiri ni ghali, na kwamba istilahi za sheria katika Kiswahili nazo ni ngumu. Hoja hiyo ina uzito kidogo, kwani tafsiri mbovu huweza kumtatiza mama huyu kama Kiingereza kilivyomtatiza. Lakini hahitaji kitabu kizima. Anahitaji ukurasa mmoja, ubandikwe sokoni na katika dirisha la kulipia, unaomwambia ni vibali vipi anavyohitaji, ofisi zake ziko wapi, ada ni kiasi gani, na benchi lake linaweza kufika wapi. Afadhali zaidi, mstari wa rangi uchorwe chini kuonyesha sehemu ya wapita njia. Mstari hauhitaji tafsiri.

Aidha, kabla mali ya mtu haijachukuliwa, apewe onyo la maandishi kwa lugha anayoielewa na siku chache za kurekebisha kosa. Mali ikichukuliwa, apewe orodha iliyotiwa sahihi. Mama niliyemtaja alipewa shtaka, hakupewa orodha. Leo hana hata cha kuonyesha kwamba mabenchi yale yalikuwa yake.

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tusijivue lawama. Tumeandika tasnifu nyingi, lakini ni mara ngapi tumechukua sheria ndogo za mji tunamoishi na kuziweka katika lugha ya soko? Kazi hiyo yaweza kufanywa na darasa moja katika muhula mmoja, ikisaidiwa na wakili mmoja mwenye moyo. Muhula ujao nitaianza na wanafunzi wangu.

Kwa sasa jiko limewashwa tena, nasi twala tukiwa tumesimama, sahani mkononi. Ile karatasi ya Kiingereza mama ameikunja akaiweka nyuma ya leseni yake. Kila ninapofika huniuliza kama wamejibu.