Faili la mgonjwa wa akili litunzwe hadi lini?

Mgonjwa wa afya ya akili anapotoka wodini Songea, familia hurudi kijijini na vidonge na tarehe ya kliniki. Faili hubaki masijala. Miaka saba baadaye ugonjwa unarudi, daktari ni mwingine, naye anauliza: alikuwa anatumia dawa gani? Nyumbani wanakumbuka tu "vile vidonge vyeupe."

Jibu hilo halimsaidii. Kuna wagonjwa ambao wakipewa haloperidol hukakamaa shingo au ulimi, na wengine hutulia kwa dawa hiyo hiyo. Aliyewahi kukakamaa ameandikwa kwenye faili. Likipotea, daktari anaanza upya kujaribu dawa, na anayeumia ni mgonjwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Inataka zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji lengo la kuzikusanya. Haitaji idadi ya miaka. Kwa malaria iliyopona, haja ya kumbukumbu inaweza kwisha mapema. Ugonjwa wa akili unaweza kutulia miaka kumi kisha ukarudi, kwa hiyo haja haiishi siku mgonjwa anaporuhusiwa. Uingereza wameliona hilo: mwongozo wa huduma yao ya afya ya umma unataka faili za kawaida za watu wazima zitunzwe miaka 8, lakini za afya ya akili miaka 20 tangu huduma ya mwisho, au 10 baada ya mgonjwa kufariki.

Sisi tunaona muda mrefu ni sahihi, ila una hatari yake. Huku kwetu karatasi moja yenye jina la ugonjwa huo inaweza kuvunja uchumba au kumnyima mtu kibarua. Faili linalokaa miaka mingi lazima lifungiwe miaka hiyo yote. Mwajiri, mkwe au mwenyekiti wa kitongoji hawezi kufika dirishani akaomba kulisoma. Bila ridhaa ya mgonjwa, taarifa hutolewa pale tu sheria inaporuhusu, kwa mfano mahakama ikiamuru. Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuomba kujua kilichoandikwa juu yake na kusahihishiwa kilichokosewa. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Waliopewa rufaa kwenda Mirembe, Dodoma, wana kazi zaidi, maana kumbukumbu zao ziko sehemu mbili. Kabla ya kuondoka hospitali yoyote, ombeni muandikiwe kwenye daftari la mgonjwa jina la dawa, kipimo chake, dawa iliyomdhuru na namba ya faili. Wengi hupiga picha. Ni vizuri, lakini simu inayoshikwa na nyumba nzima haifai kuwekwa picha hiyo; daftari lifungiwe sandukuni.